Ng'ombe Aliyefichwa Wakwe

Baba mdogo alirudi kutoka kwa akina Rubarema bila kunywa maziwa.

Nilijua kabla hajafungua mdomo. Mtu aliyekunywa maziwa ya wakwe hashuki garini akibamiza mlango namna ile. Nilikuwa nyuma ya nyumba nafukiza vyanzi, vile vyombo vyetu vya mti vya kuwekea maziwa, na moshi wa nyasi ulikuwa umenijaa machoni. Kwa hiyo nilipoanza kulia mapema, hakuna aliyeona ajabu.

Wajumbe walikuwa wanne, wakiongozwa na Baba mdogo Karyeija. Kazi yao ilikuwa moja tu: kuingia katika kundi la Rubarema na kuchagua kwa fimbo ng'ombe kumi na wawili wa mahari yangu. Kwetu mwenye kundi hana la kusema siku hiyo. Anasimama kando na tabasamu lake, na fimbo ikinyooshwa anaitikia asante, hata kama imemnyooshea ng'ombe anayempenda kuliko macho yake mawili. Wakishamaliza wanakaa, wanakunywa maziwa ya nyumba ile, na mimi ninakuwa mke wa mtu.

"Huyo kijana wenu," Baba mdogo alimwambia Baba hata kabla hajakaa vizuri, "ametuficha ng'ombe."

"Kawaficha vipi?"

"Kitoto kabisa! Kampeleka kwa jirani, ng'ambo ya kinamasi, ili tusimwone. Halafu kwa kiherehere cha kutuonyesha kundi limetulia, kamwaga chumvi kwenye hori na kuanza kuwaimbia ng'ombe wake. Sasa kaka, niambie. Ukimwaga chumvi na kuimba, yule wa ng'ambo atabaki huko anakusikiliza tu?"

"Akaja?"

"Karuka ua wa minyaa! Bihogo, kaka. Mwekundu wa kuiva, pembe zimetanda hivi. Kapita katikati yetu wageni, kaenda zake horini kunywa maji ya chumvi kana kwamba yeye ndiye aliyealikwa. Nikanyoosha fimbo. Nikasema, huyo awe wa kwanza."

"Akasemaje?"

"'Huyo hapana, mzee wangu. Chagua mwingine yeyote, chagua hata ishirini. Huyo hapana.'"

Baba alinyamaza. Mzee Bangirana akinyamaza, hata mbwa wetu hutafuta pa kwenda. Na aliyemuuma zaidi alikuwa Rubarema mwenyewe, kwa kuwa alimpenda. Katika ukame huu uliotumaliza, wengine walipouza ng'ombe wenye pembe ndefu na kununua wa maziwa mengi wasio na sura, Rubarema alikuwa anaingia kinamasini alfajiri kukata nyasi, anazibeba matita kwa matita, na kuwalisha wake mmoja mmoja. Baba mwenyewe aliwahi kusema mbele ya watu, "Kijana anayelisha hivi, hata binti yangu hatalala njaa."

Mama mdogo Jovanisi, mke ambaye Baba alimwoa baada ya mama yangu kufariki, alikuwa anamimina chai. "Huyo ng'ombe," aliuliza polepole, "kampata wapi?"

"Nitajuaje, shemeji? Mimi nilikwenda kuchagua, sikwenda kupeleleza."

Chai ilijaa kikombe, ikamwagika mezani, na Mama mdogo akaendelea kumimina.

"Anayewaficha wakwe ng'ombe leo," Baba alisema mwishowe, "kesho atamficha mkewe kitu gani? Jioni, ng'ombe wakishaingia zizini, nitampigia simu baba yake mkubwa. Yameisha."

Nikaingia. Sikualikwa, lakini nikaingia na masizi yangu mikononi. "Baba, labda ana sababu."

"Ameitaja?"

Baba mdogo akatikisa kichwa. "Nilimuuliza mara tatu. Nikamwita mchoyo, nikamwita mtoto asiyefunzwa. Anatazama chini tu."

"Umesikia, Kenyangi," Baba aliniambia, na sauti yake haikuwa ya ukali, ndiyo maana iliniumiza. "Wamekupima na ng'ombe mmoja, mwanangu. Ng'ombe amekuwa mzito."

Niliosha mikono. Kisha nikafungua sanduku langu na kutoa kifuniko cha chanzi, kimesukwa kwa ukindu mwembamba, cheusi na cheupe, chembamba juu kama ncha ya pembe. Mama yake Rubarema alinisukia akiwa kitandani mwezi wake wa mwisho duniani, akaniambia siku nikiingia nyumbani kwake nikifunikie maziwa yangu ya kwanza. Nikakifunga kwenye leso, nikaondoka. Nilikwenda kukirudisha, na kumtazama usoni yule aliyenishindanisha na ng'ombe.

* * *

Msichana haendi kwa mchumba wake peke yake, hata akiwa na hasira kiasi gani. Lakini kisima ni cha watu wote. Nilijua saa saba kamili Rubarema angekuwa pale ananywesha.

Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa amesimama ndani ya kisima hadi magotini, bila shati, anachota maji kwa ndoo na kuyarusha juu kwenye hori la udongo, na kila ndoo ikipanda anaita jina la ng'ombe anayefuata. Mgongo wake ulikuwa umechanikachanika kwa nyasi za kinamasi. Kuna wakati mgongo ule nilikuwa nauwaza hata kanisani. Siku ile niliutazama nikajiambia, Kenyangi, usiwe mjinga.

"Endelea kuwanywesha," nilisema. "Wasije wakakosa. Wao ndio wenye thamani."

Ndoo ikasimama hewani. Alipogeuka, macho yake yalinifanya nisahau nusu ya matusi niliyoyapanga njiani. Hakuwa amelala. Alinitazama kama mtu anayetazama basi likiondoka na mzigo wake ndani.

"Kenyangi. Umekuja na nani?"

"Nimekuja na hiki." Nikakifungua kifuniko kwenye leso, nikakiweka ukingoni mwa hori. "Chukua. Mpe huyo Bihogo wako akivae kichwani, ndiye bibi harusi."

"Usifanye hivyo. Mama alikisuka kwa ajili yako."

"Mama yako alijua atazaa mchoyo?"

Akatoka kisimani, maji yakimtiririka miguuni, akasimama upande wa pili wa hori. Ng'ombe walikuwa kati yetu wananywa, pembe zao zinagongana taratibu, nasi tukawa tunatazamana katikati ya pembe.

"Wachague ng'ombe kumi na watatu," alisema. "Kumi na watano. Nimemwambia mzee Karyeija achukue hata ishirini."

"Sikuja kuongezewa! Nimekuja kuuliza. Kwa nini huyo?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi, au hutaki?"

"Kenyangi, nakuomba."

"Usiniombe! Jioni hii Baba anampigia simu baba yako mkubwa. Jioni hii, Rubarema! Miaka mitatu nimekataa wanaume wenye magari, naambiwa nasubiri mvulana anayenuka nyasi za kinamasi. Nikasema ndiyo, huyo huyo anayenuka. Leo wanaingia nyumbani kwetu wanasema nimeshindwa na ng'ombe, nawe unaniambia huwezi kusema?"

Alinyoosha mkono kuelekea kwenye kifuniko, akaurudisha. Mwanaume anayenipenda alikuwa mbele yangu anachagua kunipoteza, na nilikuwa namwona akichagua. Sijawahi kuumia vile tena.

"Ungekuwa mke wangu ningekuambia," alisema kwa sauti ya chini. "Siku ya kwanza. Ningekupa maziwa yake, halafu ningekuambia."

"Basi sitakuwa mke wako."

Nikageuka. Nilikuwa nimepiga hatua tano, labda sita, niliposikia nyuma yangu ng'ombe akikoroma, mkoromo mfupi mara mbili na mmoja mrefu. Miguu yangu ikasimama yenyewe.

Kulikuwa na ng'ombe mmoja tu duniani aliyekoroma hivyo akitaka chumvi.

"Usigeuke," Rubarema alisema. "Kenyangi, nenda nyumbani."

Nikageuka.

Ng'ombe yule alikuwa amesimama nyuma ya wenzake, mwekundu wa kuiva, mzee kuliko nilivyomkumbuka, mfupa wa nyonga umechomoza. Na kwenye pembe ya kushoto alikuwa na alama nyeusi iliyoungua.

Alama ile niliitia mimi. Nilikuwa na miaka tisa, nacheza na kijinga cha moto wa zizini, na mtamba wa Mama, Bihogo kama tunavyowaita wekundu wote, akaja kuota moto karibu nami. Niliunguza pembe yake palepale inapoota kichwani. Mama hakunipiga. Alichukua samli, akampaka yule mtamba, kisha akanipaka mimi vidole, akasema sasa mmekuwa ndugu. Alikuwa uzao wa ng'ombe ambaye Mama alikuja naye kutoka kwao alipoolewa, kwa hiyo alikuwa wake peke yake. Ng'ombe wa mke haguswi na mume.

Mama alipofariki, nilikuwa na miaka kumi na minne. Mwaka uleule Baba aliwahamisha ng'ombe kwa sababu ya ukame, akarudi akaniambia Bihogo amefia njiani. Nilimlilia yule ng'ombe mwezi mzima, kwa sababu ilikuwa rahisi kumlilia yeye kuliko kumlilia Mama.

"Alikufa," nilisema.

Rubarema alisogea kumkinga ng'ombe yule nisimwone.

"Baba aliniambia alikufa! Umempata wapi?"

"Kenyangi..."

"Umempata wapi?"

"Kazo." Alilitamka neno lile kama anatema mwiba. "Mwaka jana nilikwenda kutafuta fahali. Nikaona hiyo alama. Ulishanisimulia habari ya kijinga cha moto, ukacheka, halafu ukalia. Nikamuuliza mwenye ng'ombe, huyu ametoka wapi. Akaniambia, huyu aliletwa mahari ya dada yetu."

"Dada yao nani?"

Hakukuwa na haja ya kuniambia. Kazo ni kwa akina Mama mdogo Jovanisi.

Nilikaa chini kwenye tope la kisima, na gauni langu zuri. Ng'ombe wa mama yangu. Kaburi la Mama halijaota nyasi, ng'ombe wake akaswagwa kwenda kuletea mke mwingine. Na leo asubuhi, fimbo ya Baba mdogo, ambaye wakati ule alikuwa anachunga Bunyoro na hajui lolote, ilitaka kumrudisha zizini kwetu awe mahari yangu mimi. Ng'ombe mmoja amwozeshe Mama mdogo, kisha aniozeshe mimi.

"Niliwapa mitamba wawili wakaniachia," Rubarema alisema. Alikuwa amechuchumaa karibu yangu, hanigusi. "Ningefanya nini pale, Kenyangi? Ningewakubalia, jioni hii angekuwa nyumbani kwenu na kijiji kizima kinamtazama pembe. Ningewaeleza sababu, ningekuwa nimemvua nguo baba mkwe wangu mbele ya wajumbe wanne. Nikaona bora waniite mchoyo."

"Na mimi ulinionaje?" Niliinuka. Hasira ilikuwa imerudi, lakini sasa ilikuwa na njia nyingi za kupita. "Mwaka mzima! Umenitazama mwaka mzima namtaja huyu ng'ombe kama marehemu, na yuko zizini kwako anakula nyasi!"

"Ungejua, ungekwenda kuvunja nyumba ya baba yako."

"Ni nyumba yangu! Kama ni ya kuvunja, nivunje mimi. Nani alikutuma kunichagulia la kujua?"

"Hakuna," alisema. "Nilikosea."

Alisema hivyo tu, bila kujitetea, na macho yake mekundu hayakukwepa yangu. Ingekuwa rahisi kama angejitetea.

Bihogo alijipenyeza katikati ya wenzake, akaninusa mikono. Nilinyoosha kiganja akakiramba, ulimi unaokwaruza kama jiwe la kusagia. Nikagundua ubavu wake ulikuwa umejaa kuliko wa wale wengine wote, na kwamba mikono ya mtu aliyechuchumaa mbele yangu ilikuwa na mikato mipya juu ya mikato ya zamani.

"Huwa anakula matita mangapi?" niliuliza.

"Mawili asubuhi, mawili jioni. Meno yamekwisha. Namkatia zile changa za katikati ya kinamasi."

"Kule kwenye maji ya kifuani?"

"Kule ndiko ziliko changa."

Niliinama nikapima pembe kwa mkono. Kisha nikachukua kifuniko changu kutoka ukingoni mwa hori.

"Una maziwa yake?"

"Ya asubuhi. Yako nyumbani, kwenye chanzi cha Mama. Niliwaandalia wajumbe."

"Nenda ukaniletee."

"Unataka kufanya nini?"

"Sijui," nilimwambia, na ndiyo ilikuwa kweli. "Ila usinichagulie tena la kujua."

* * *

Jua lilikuwa linateremka nilipofika nyumbani. Ng'ombe wetu walikuwa wanakuja kwa mbali, vumbi limewatangulia. Baba alikuwa amekaa mbele ya nyumba, simu mkononi, miwani puani, anatafuta jina. Baba mdogo alikuwa ndani anapumzika. Mama mdogo Jovanisi alikuwa kwenye mlango wa jiko, na alipoona chombo nilichokumbatia, alishika fremu ya mlango.

Njia nzima nilikuwa nimefanya mazoezi ya kupiga kelele. Nilitaka watu wa kilima cha pili wasikie. Lakini nilikumbuka mtu aliyeulizwa mara tatu, akaitwa mchoyo, akatazama chini, na nikaona aibu kuwa na mdomo mkubwa kuliko wake. Nikapiga magoti mbele ya Baba kama kila jioni, nikamwekea chanzi mapajani.

"Umetoka wapi na hayo matope?"

"Kisimani. Nimekuletea maziwa."

"Yetu hayajakamuliwa. Haya ya wapi?"

"Ya Bihogo."

"Bihogo yupi? Tunao wanne."

"Wa Mama," nilisema, kwa sauti ya kumtosha yeye peke yake. "Mwenye kovu la moto."

Simu ilikuwa tayari imeanza kuita, na sauti ya mtu wa upande wa pili ikasikika ndogo, ikisema haloo, haloo. Baba hakuipeleka sikioni. Akaizima kwa kidole gumba na kuendelea kuishika.

Nilimtazama usoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na kwa uongo mwingine pia. Uso wa Baba ulizeeka nikiutazama. Aliangalia jiko, akamwona Mama mdogo amejifunika mdomo kwa kitenge, akaangalia vumbi la ng'ombe. Ng'ombe wa kwanza wakaingia uani na kutupita.

"Kovu," Baba aliuliza, na sauti ilimkatika, akaanza tena. "Kovu limefika wapi sasa?"

Pembe hukua kutokea kichwani, na kinachoungua shinani husogea mbele mwaka hadi mwaka. Hakuna anayeuliza swali hilo isipokuwa mtu ambaye kwa miaka minane amekuwa akilipima kovu lile akilini mwake. Nilinyoosha mkono wangu juu ya paja lake, nikapima.

"Shibiri moja na vidole vinne, Baba."

Akautazama mkono wangu. Akafumba macho.

"Yule kijana anajua?"

"Tangu mwaka jana."

"Na Karyeija alipomtukana mbele ya watu..."

"Alinyamaza."

Sikumsamehe Baba jioni ile. Nasema kweli, hata leo kuna siku nikimpa chai mkono wangu huwa mzito. Kulikuwa na maneno ya kusemwa kati yangu na yeye, na kati yake na kaburi la Mama, ambayo hayangeingia katika chanzi kimoja. Alijua hivyo. Ndiyo maana hakuomba msamaha, alijua ningemnyima.

Aliweka simu chini ardhini. Akaondoa kifuniko, akakigeuza polepole kukitazama kilivyosukwa, akanirudishia mkononi. Kisha akainua chanzi kwa mikono miwili, akanywa. Alikunywa kwa muda mrefu, bila kupumzika, hadi maziwa yakamchirizika kidevuni.

"Mwite Baba yako mdogo," alisema bila kunitazama. "Mwambie atoke aje anywe maziwa ya wakwe."